Sangara Waliopimwa kwa Futi ya Fundi

Mwalo ninaousimulia, ufuko wa kushushia samaki, uko upande wa Misungwi, kwenye ghuba, mahali ambapo barabara ya vumbi inaishia kwenye mawe na mawe yanaishia majini. Una banda la bati lenye meza ndefu ya saruji, choo cha matofali, na mitumbwi thelathini hivi inayolala juu ya mchanga mchana. Kwa miaka minne nilikwenda pale kila mwezi. Kazi yangu ilikuwa kueleza. Kiwanda cha minofu ya samaki kilichoniajiri kilikuwa na ofisi ndogo Mirongo, mjini Mwanza, na cheo changu kilikuwa na maneno mengi, lakini wavuvi waliniita mwalimu tu. Zamani nilifundisha shule ya msingi, na sikuwahi kuacha tabia ya kusimama mbele ya watu na kuuliza, "Tumeelewana?"

Jambo kubwa nililolieleza lilikuwa urefu. Sheria yetu inasema sangara aliye chini ya sentimita hamsini asivuliwe wala asiuzwe. Sababu yake ni rahisi na niliirudia mpaka watu wakaimaliza kabla yangu: samaki wa kimo hicho bado mchanga, hajapata nafasi ya kuzaa, na ukimtoa leo umetoa na wale ambao wangetoka kwake. Kwa hiyo kila mwalo unaouzia kiwanda ulitakiwa kuwa na mpimaji. Samaki anapita mezani kwa mpimaji kabla ya kuingia kwenye gari la barafu. Kiwandani walipima uzito. Urefu waliamini karatasi ya mwalo.

Kikundi cha usimamizi wa mwalo kilipotakiwa kuchagua mpimaji, kikao hakikuchukua muda. Kulikuwa na mwanamke wa miaka hamsini na kitu, fundi cherehani, ambaye mashine yake ilikaa kwenye baraza la duka la vitenge, hatua mia moja kutoka majini. Karibu kila nyumba ya pale alikuwa ameipima: sare za shule, magauni ya harusi, suruali za kupunguzwa kiuno. Futi yake ya njano ilikuwa shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Mwenyekiti wa mwalo akasema kazi ya kupima apewe mtu anayepima, mikono ikanyooshwa, basi. Mimi nilikuwepo na nilifurahi. Nikachukua samaki mmoja nikamwonyesha: anzia mdomoni, ishia ncha ya mkia, akifika hamsini anapita, asipofika hapiti. Nikauliza kama tumeelewana. Akasema tumeelewana.

Na alikuwa mkali. Shemeji yake alikataliwa samaki mbele ya watu na hawakusemezana hadi mavuno. Kuna mvuvi mmoja mrefu, mwenye mitumbwi miwili na ulimi mrefu kuliko yeye mwenyewe, ambaye kila wiki alikuwa na samaki wa arobaini na tisa. Siku moja nikiwa pale alimtania, "Fundi, ongeza kidogo. Sare za watoto si huwa unaacha nafasi ya kukua?"

"Mtoto anakua ndani ya sare," akamjibu huku akimsukuma samaki pembeni. "Huyu wako amekwisha kukua."

Watu walicheka, na yule mvuvi akacheka pia, lakini samaki wake hakupita. Niliporudi ofisini nilikuwa nikiwasimulia wenzangu kwamba ukitaka kuona sheria ikiishi, nenda kwenye mwalo wetu.

Ndipo yakaja mazungumzo ya mkataba. Nchi yetu ilikuwa ikizungumza na nchi za ng'ambo kuhusu biashara huria: bidhaa zetu ziingie kwao bila ushuru, na zao ziingie kwetu. Samaki walikuwamo. Pale mwaloni habari zilifika vipande vipande. Wengine walisema Wazungu wanataka kutupangia nyavu. Wengine walisema ziwa linauzwa. Niliitisha kikao chini ya lile banda nikaeleza kwa saa nzima. Niliwaambia kwamba mikataba ya siku hizi haizungumzi ushuru peke yake, ina sura nzima ya mazingira, na kwamba kiini cha sura ile si sheria mpya kutoka kwao. Kinasema hivi: kila nchi ina sheria zake za kulinda maji, misitu na samaki, ilizoziandika yenyewe, na inaahidi kwamba haitazilegeza, wala haitafumba macho zikivunjwa, ili tu iuze zaidi au iuze kwa bei ya chini kuliko mwenzake.

Nilizunguka na maneno hayo mara mbili tatu, nikaona nyuso bado zimekunjamana. Ndipo fundi, ambaye alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akauliza, "Ni kama mafundi wawili sokoni? Mmoja anaiba upindo, anabakiza kitambaa, anauza gauni kwa bei ya chini. Mwingine anashona vizuri, anakosa wateja. Sasa wamekaa wakasema, tufanye biashara pamoja, lakini hakuna kuiba upindo?"

Nikamwambia ni hivyo hivyo. Hadi leo nikieleza sura ya mazingira kwa watu wazima natumia mfano wake, na sijapata mwingine ulio bora.

Baada ya miezi michache tukaambiwa kwamba wataalamu wa mazingira wa upande wa pili wa mazungumzo wanakuja Mwanza. Walikuwa wameomba kutembelea mialo mitatu waone kama sheria yetu ya urefu inafanya kazi au iko kwenye karatasi tu. Kiwanda kilitoa majina, na mwalo wetu ukawa wa kwanza kwenye orodha, kwa sifa nilizozieneza mimi. Pamoja na heshima hiyo likaja neno jingine, alilolileta msimamizi wa ununuzi wa kiwanda: mwalo utakaoonekana unapitisha samaki wachanga utaondolewa, na gari la barafu halitaufuata tena. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Bila barafu sangara hafiki jioni. Anabanikwa au anatiwa chumvi, anauzwa kwa shida, na mwalo unabaki na mitumbwi inayohama mmoja mmoja kwenda kwingine. Kuna mwalo jirani uliwahi kupatwa na hilo. Banda lake sasa ni zizi la mbuzi.

Wageni walikuwa waje Alhamisi. Jumanne nikaenda kufanya mazoezi. Na kwa kutaka mambo yapendeze, nikaazima maabara ya kiwandani ubao wa kupimia: bati gumu la alumini lililochorwa sentimita, lenye ukingo uliosimama upande mmoja. Unamlaza samaki, unagusisha mdomo kwenye ukingo, unasoma mkia unapoishia. Niliona utatoka vizuri kwenye picha.

Samaki wa asubuhi walikuwa wamekwisha kupimwa na kupita, kumi na watano, wamepangwa mezani wakisubiri gari. Nilichukua wa kwanza nikamlaza kwenye ubao. Arobaini na nane na nusu.

Nilidhani nimemlaza vibaya. Nikamnyoosha, nikamsukuma mdomo hadi ukingoni. Arobaini na nane na nusu.

"Ubao wako mfupi, mwalimu," fundi akasema, bila wasiwasi. Akavua futi shingoni, akailaza juu ya ubao. Mistari ilikutana mmoja mmoja, toka sifuri hadi mwisho. Akaondoa futi, akampima samaki yule yule. Hamsini kamili.

Tulikuwa watu wanne: mimi na yeye, mwenyekiti wa mwalo, na msimamizi wa ununuzi aliyekuja na gari langu. Nilimwomba fundi ampime tena, taratibu, nikainama nikatazama mikono yake badala ya kutazama namba. Alishika mwanzo wa futi mdomoni kwa kidole gumba. Kisha akaipitisha juu ya shavu la samaki, juu ya ubavu pale ulipovimba, akaibonyeza kwa vidole ikae vizuri kwenye mwili, akateremka nayo hadi mkiani. Ilikuwa mikono ya mtu anayepima bega. Maisha yake yote hakuna kitu alichokipima kwa kukinyoosha hewani, kwa sababu nguo haivaliwi hewani, inavaliwa juu ya mwili. Futi yake ilifuata ngozi ya samaki, ikapanda na kushuka. Ubao ulisoma njia fupi, iliyonyooka. Kati ya njia hizo mbili kuna sentimita moja, moja na nusu, kwa samaki mnene hata mbili.

Nami nilikuwa nimemwambia anzie mdomoni, aishie mkiani. Ipite wapi kati ya hapo, sikumwambia.

Tukapima wote kumi na watano. Watano hawakufika.

Fundi alikuwa wa kwanza kuongea, na aliniuliza mimi. Alitaka kujua kama maana yake ni kwamba wale aliowakataa walikuwa wadogo zaidi ya alivyosema, na kati ya wale aliowapitisha wapo ambao hawakustahili. Nikasema ndiyo, baadhi. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu siku niliyomfundisha. Akaikunja futi yake kwenye viganja, mkunjo juu ya mkunjo, akaitia mfukoni mwa aproni. Sikuwahi kumwona bila futi shingoni.

Mwenyekiti, mtu mzito mwenye goti bovu aliyewahi kuvua miaka ishirini, alikaa kwenye ukingo wa meza. Alisema jambo moja tu, kwamba wavuvi wakijua watasema fundi aliwaonea waliokataliwa na akawabeba waliopita, na wote watakuwa na haki. Msimamizi alikuwa ametulia kuliko sisi. Aliuchukua ubao, akaufuta maji kwa kitambaa, akaniambia nikauweke garini.

"Wageni wanakuja saa nne, saa sita wameondoka," akasema. "Mama anapima, samaki anapita au hapiti. Hicho ndicho wanachotaka kuona, na ni kweli kinafanyika hapa. Mwalimu, wewe unaeleza vizuri. Hili usilieleze."

Ningependa kuandika kwamba nilimbishia. Niliupeleka ubao garini.

Jumatano sikwenda kazini. Nilikaa nyumbani Mabatini, mtaa ukipiga kelele zake za kawaida nje, mtu anagonga bati, redio ya dukani inatangaza mechi. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama naumwa. Nilikuwa nikipanga. Nilijiambia kwamba wageni wakishaondoka nitapeleka mbao za kupimia pale mwaloni kimyakimya, nitafundisha upya, baada ya mwezi mmoja kosa litakuwa limejifuta na hakuna mtu aliyeumia. Mpango huo ulikuwa mzuri na ulinipa usingizi. Nilipoamka Alhamisi nikaona tundu lake: ndani yake, fundi angesimama mbele ya wageni apime kwa njia ambayo sasa alijua si sahihi, na mimi ningesimama kando yake nikitikisa kichwa kukubali. Nilioga, nikavaa shati jeupe, nikaenda hivyo hivyo.

Walikuja kwa magari mawili. Mgeni mkuu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na viatu vya mvua alivyovivaa kabla hata hajaona matope. Alikuwa na mkalimani, kijana mpole wa Dar es Salaam, na wenzake wawili waliopiga picha kila kitu, pamoja na choo. Mwenyekiti aliwakaribisha. Wavuvi walikuwa wamejaa kuzunguka banda, na yule mrefu amesimama mbele kabisa, mikono kifuani. Samaki wake ndio walikuwa mezani. Zamu ilikuwa yake, na nyavu zake siku hiyo zilikuwa zimempa samaki wengi.

Fundi alikuwa amevaa gauni la kitenge alilojishonea mwenyewe kwa siku ile. Futi ilikuwa imerudi shingoni. Nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo mama," akaitika marahaba bila kuniangalia.

Akachukua samaki wa kwanza. Akapitisha futi. Hamsini na tatu. Akapita. Wa pili, hamsini na sita. Mgeni alikuwa akitazama namba na kuandika. Mikono hakuitazama. Wa tatu alikuwa mnene na mfupi, nilimwona kabla hajamshika. Akampima. Futi ilisema hamsini na moja. Mkalimani akasema namba hiyo kwa lugha ya wageni. Yule mvuvi mrefu akanyoosha mkono amsogeze samaki wake upande wa waliopita.

Fundi hakumwachia. Aliweka kiganja juu ya samaki, akakaa hivyo. Ilikuwa kitambo kifupi tu, lakini mwenyekiti alianza kukohoa. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, kalete ule ubao ulioko garini."

Msimamizi wa ununuzi alikuwa karibu nami. Aliniambia kwa sauti ya chini, bila kufungua meno, kwamba gari limefungwa na funguo hazionekani. Funguo zilikuwa mkononi mwangu. Toka banda hadi gari ni hatua hamsini labda, kwenye jua. Nilizitembea nikijua kwamba nikirudi na ubao huenda ninawaondolea watu hawa barafu, na nikirudi mikono mitupu nimemwacha yule mama peke yake na samaki mmoja mbele ya watu wote. Sikuwa shujaa. Nilirudi na ubao kwa sababu yeye ndiye aliyeuomba.

Alimlaza samaki, akagusisha mdomo kwenye ukingo, akamwomba mgeni asogee asome mwenyewe. Arobaini na tisa na nusu. Ndipo nikaanza kueleza. Nilianza na Jumanne, nikarudi nyuma hadi siku ya kwanza, nikasema nani alifundisha na alisahau nini. Niliomba futi, nikamwonyesha mgeni njia inayopanda na njia inayonyooka. Nilieleza kwamba fundi aliyemwona hajawahi kumpendelea mtu, kwamba kipimo chake kilikuwa kilekile kwa shemeji na kwa jirani, na kwamba kilikuwa na kosa langu ndani yake. Mkalimani alitafsiri sentensi kwa sentensi.

Mgeni hakusema pole wala hongera. Alichukua futi, akampima samaki kwa njia ya kwanza, kisha kwa njia ya pili, kisha akaupima mkono wake mwenyewe toka begani hadi kifundo, kwanza juu ya ngozi, halafu kwa kunyoosha futi hewani. Akatazama tofauti. Halafu akauliza kama tunaweza kupima meza yote upya.

Ilichukua saa nzima. Walikuwa thelathini na wanne. Kila aliyeshindwa aliwekwa upande wa kushoto, na kila mara yule mvuvi mrefu alihamisha uzito wa mwili toka mguu mmoja hadi mwingine. Walipofika tisa alisema kwa sauti ya wote kusikia, "Haya, fundi. Leo umenivua nguo hadharani." Hakuna aliyecheka. Walipofika kumi na mmoja meza iliisha. Wageni waliandika, wakashukuru, wakaingia magarini wakaenda kwenye mwalo wa pili.

Kesho yake gari la barafu halikuja. Wala keshokutwa.

Wiki zile tatu ndizo ninazozikumbuka vibaya kuliko zote. Mimi niliambiwa nikae ofisini Mirongo nipange mafaili hadi nitakapoambiwa vingine, na sikuruhusiwa gari. Habari nilizipata kwa simu kutoka kwa mwenyekiti. Sangara walitiwa chumvi mpaka chumvi ikaisha madukani. Mitumbwi sita ilihama. Na fundi wateja walimkimbia. Mtu mmoja alienda kuchukua suruali yake ikiwa imekatwa bado haijashonwa, akasema ataipeleka kwa fundi anayejua kupima. Nilimpigia yeye mwenyewe nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema radhi ya kwenye simu haimfikii mtu mwingine yeyote pale, na kwamba kama nina la kusema, njia ya kwenda Misungwi ninaifahamu.

Nilikwenda Jumapili, kwa nauli yangu, baada ya watu kutoka kanisani. Mwenyekiti alikuwa amewaita. Nilisimama mahali nilipozoea kusimama na kwa mara ya kwanza sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nilianza na kilicho rahisi: nikasema kosa ni langu, nikalieleza tena lote, kwa ubao na futi, mpaka hata wale wa nyuma wakaja kuona. Yule mvuvi mrefu aliniuliza kwa nini basi fundi hakunyamaza, mradi wageni walikuwa wameridhika. Nilitaka kujibu. Fundi akanitangulia. Alisema siku ile ya kikao yeye ndiye aliyetoa mfano wa upindo, na watu wote wakatikisa vichwa. Sasa angewezaje kusimama mbele ya watu wale wale auibe? Hakupandisha sauti. Alikuwa kama anayemweleza mteja kwa nini gauni haliwezi kuwa tayari Ijumaa.

Sitaki kukudanganya kwamba kikao kile kilimaliza hasira. Kilimaliza jambo moja tu: waliacha kumwita mwizi na wakaanza kuniita mimi, kwa utani mchungu, mwalimu wa nusu somo. Nililipokea jina hilo, na bado ninalo.

Kilichorudisha gari kilikuwa kitu kingine, na sikukitegemea. Taarifa ya wageni ilipofika kiwandani, ilikuwa imeandika mialo yote mitatu. Kwenye mwalo wa pili walikuta urefu ukipimwa kwa alama zilizokatwa kwenye kasia, na kasia lilikuwa limechakaa mwishoni. Kwenye wa tatu mpimaji alitumia kamba yenye fundo, na kamba ikilowa hufupika. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyekuwa na ubao, maana sisi wa ofisini tulipeleka sheria kila mahali na kuacha kila mwalo utafute kipimo chake wenyewe. Taarifa haikuomba mwalo wowote uondolewe. Ilisema upande wetu una sheria nzuri na watu wanaoifuata, lakini sheria isiyopewa kifaa haijalindwa, na ikaomba jambo hilo liingie kwenye mazungumzo ya ile sura ya mazingira. Kiwanda kikaona kwamba kikiuacha mwalo wetu lazima kiiache yote mitatu, na nyuma ya hiyo mingine yote. Mbao za alumini zikaagizwa.

Gari lilirudi siku ya Jumanne. Nililipanda mimi mwenyewe, nimekaa kando ya dereva, ubao mpya magotini. Mitumbwi minne kati ya sita ilikuwa imerejea. Kikundi kilikuwa kimepiga kura tena juu ya mpimaji, na fundi alipita kwa kura chache sana. Alikuwa amenipigia kunieleza hilo bila furaha yoyote, na kuniuliza kama samaki akiwa amekunja mkia anyooshwe kwa nguvu au aachwe. Nilimjibu anyooshwe taratibu bila kuvutwa. Safari hii nilimwambia arudie nilichosema kwa maneno yake mwenyewe, na akarudia.

Yule mvuvi mrefu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa bado na nyavu zake za zamani. Wengine walikuwa wameanza kuazimana nyavu za macho makubwa, yeye alisema atangoja aone. Samaki wake wa kwanza alilazwa kwenye ubao. Fundi aliinama, akasoma, akanisogezea nisome. Arobaini na tisa kamili, mstari mmoja chini ya hamsini.

"Huo mstari mmoja, fundi," mvuvi akasema. "Mstari mmoja tu."

Fundi alimnyanyua samaki kwa mikono miwili akampa. Mvuvi alimpokea, akasimama naye kifuani kwa muda, maji yakimchirizika kwenye shati. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mawe. Dereva akapiga honi mara mbili kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka. Fundi alifuta ubao kwa kiganja, akamwambia mvuvi alete wa pili.